SOMO KWA REDIO: KIRAKA CHA PROGRAMU NA KAZI YA MKAGUZI

Mnaosikiliza redio, sogeeni karibu. Na wewe unayesoma karatasi hii baada ya kipindi, soma pole pole. Ukifika penye neno geni usiogope, maana nitalieleza.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: PROGRAMU, KOSA, KIRAKA.

Tumepata barua kutoka darasa moja. Wanafunzi wanauliza hivi: simu zetu na kompyuta za benki hufuata maagizo yaliyoandikwa na watu. Je, mwandishi akikosea, nani humsahihisha? Na huyo anayesahihisha, nani humtazama? Nimelipenda swali hili, hasa nusu yake ya pili, na leo nitajibu hiyo zaidi.

Kwanza, programu ni nini? Programu ni maagizo yaliyoandikwa mstari kwa mstari, nayo kompyuta huyafuata kama yalivyo. Ukimwambia mpishi atie chumvi vijiko 20 katika sufuria ndogo, atakucheka na kutia viwili. Kompyuta haicheki. Itatia 20. Haina akili ya kusema, "Bwana, nadhani ulitaka kusema vingine."

Kosa lililomo ndani ya programu, wenye lugha ya Kiingereza hulipa jina la mdudu. Jina hilo ni la zamani, mafundi walikuwa wakilitumia hata kabla ya kompyuta kuwapo. Lakini mwezi wa Septemba mwaka 1947, mafundi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta mdudu kweli kweli, nondo, yaani yule kipepeo wa usiku, amekwama ndani ya mashine yao ya hesabu iliyoitwa Mark II. Wakamtoa, wakambandika katika daftari la kazi, wakaandika chini yake kwamba hii ndiyo mara ya kwanza mdudu halisi kuonekana. Daftari hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho.

Wadudu wa siku hizi hawaonekani kwa macho. Wamo katika maandishi. Kwa hiyo mafundi wamejitengenezea programu ya kutafutia makosa ya programu nyingine. Mojawapo, inayojulikana sana, huitwa kwa herufi tatu: G, D, B. Ilianza kuandikwa na Richard Stallman, Mmarekani, mwaka 1986, na mpaka leo watu wa nchi nyingi huiendeleza.

GDB haina picha za kubonyeza. Ni chombo cha kusoma na kuandika. Kwenye kioo hutokea maandishi mafupi, gdb ndani ya mabano, kisha hukaa kimya ikingoja. Wewe huandika neno, nayo hukujibu kwa maandishi. Nyinyi mliojifunza herufi ukubwani, naona jambo hili litawafurahisha: fundi mkubwa wa kompyuta anapotafuta kosa, hufanya kama mnavyofanya darasani. Husoma mstari, husimama, huuliza.

Tuseme chama cha ushirika kina programu ya kuhesabu malipo ya wakulima. Mkulima ameleta kilo 40 za pamba, na bei, tuseme, ni shilingi 1,000 kwa kilo. Alipwe shilingi 40,000. Lakini programu yaandika 4,000. Fundi huanzisha GDB, huandika break 12, maana yake: tukifika mstari wa 12, simama. Huandika run, yaani enda. Programu hukimbia mpaka mstari ule, ikasimama kama basi kituoni. Sasa fundi huandika print kilo, yaani nionyeshe kilo ni ngapi. GDB hujibu: 4. Basi! Bei haina kosa. Sifuri ya 40 ilipotea kabla ya hapo, mahali programu ilipokuwa ikisoma namba. Fundi atarudi nyuma akaitafute huko.

Sasa nusu ya pili ya swali. Je, GDB yenyewe ikikosea? Maana nayo ni programu, na imeandikwa na watu.

Fikirini mizani ya ushirika. Mizani ikikosea, hakuna ajuaye. Mkulima atamlaumu mpagazi, mpagazi atamlaumu karani, karani atasema gunia lilikuwa na unyevu. Watagombana mchana kutwa, na mizani imetulia tu juu ya meza. Ndivyo ilivyo kwa chombo cha kutafutia makosa. Kikisema 40 mahali penye 4, fundi ataiacha njia ya kweli na kuishika ya uongo, na huenda akaharibu mistari iliyokuwa mizima. Kwa sababu hiyo, marekebisho ya chombo kama hiki yapaswa kutazamwa kwa jicho kali kuliko mengine.

Marekebisho hayo huitwa kiraka. Neno ni lile lile la nguo. Suruali ikitoboka gotini, fundi cherehani hashoni suruali mpya. Hukata kitambaa kidogo na kukishona penye tundu. GDB ina mistari malaki kadhaa. Mtu akitaka kubadili mstari mmoja hapeleki yote, bali hupeleka karatasi yenye mistari iliyobadilika tu. Mstari unaoondolewa huwekewa alama ya kutoa mbele yake, na mstari unaoingizwa huwekewa alama ya kujumlisha. Juu na chini huachwa mistari michache isiyobadilika, ili mahali pa kushonea pajulikane. Mwaka 1985 Mmarekani mwingine, Larry Wall, aliandika programu inayosoma karatasi ya namna hiyo na kuishona mahali pake. Akaiita kiraka, kwa Kiingereza patch.

Mwalimu, andika ubaoni mfano huu. Nimeutunga mwenyewe kwa Kiswahili ili tusome pamoja:

   hesabu namba zinazofanana
 -  zikizidi 10, fupisha
 +  zikifika 10, fupisha
   andika jibu

Someni kwa sauti. Mara moja tena. Neno moja tu limebadilika: zikizidi limekuwa zikifika.

Maana yake ni hii. Ukiiomba GDB ikuonyeshe orodha ya namba, na namba moja ikajirudia mara nyingi mfululizo, haitaiandika mara zote. Huiandika mara moja, kisha hueleza imerudiwa mara ngapi. Kiwango chake cha kawaida ni 10, na kitabu chake cha maelekezo chasema kwamba hufupisha zikizidi kiwango hicho. Tuseme basi mtu fulani, wa nchi yoyote, ameleta kiraka hiki, na wewe ndiwe mkaguzi. Utafanyaje?

Wengi hukimbilia kusema: neno moja tu, na lipite. Ndiyo makosa ya kwanza ya mkaguzi. Urefu wa kiraka hauonyeshi uzito wake. Kiraka cha mistari 300 chaweza kuwa kusafisha majina tu, na kiraka cha neno moja chaweza kugeuza majibu ya chombo kizima.

Soma kwanza barua iliyokuja nacho. Hapana budi mtengenezaji aeleze aliona nini, alitarajia kuona nini, na kwa nini alichagua dawa hii. Kama barua yasema tu "nimerekebisha," mrudishie kwa adabu, umwombe aeleze. Haya si maringo ya mkaguzi. Baada ya miaka kumi, mtu mwingine atausoma mstari ule na kujiuliza kwa nini uko hivyo; barua ndiyo itakayomjibu, maana mwenyewe huenda hayupo tena.

Kisha fungua kitabu cha maelekezo. Kitabu chasema zikizidi, kiraka chasema zikifika. Viwili hivi haviwezi kukaa pamoja. Ama kitabu kibadilishwe katika kiraka hicho hicho, ama kiraka kikataliwe. Hapa mtengenezaji mzuri hashiki ugomvi. Husema, "Ahsante, sikukitazama kitabu." Mwingine hukasirika. Nimewaona wa kila namna, na waliokasirika si lazima wawe ndio wajinga.

Sasa tufike kwenye kujaribu, na hapa nataka mtulie, maana ndipo penye kiini cha somo.

Kiraka kizuri huja na jaribio lake. Jaribio ni programu ndogo inayoiuliza GDB swali ambalo jibu lake lajulikana, kisha husema imepita au imeshindwa. Mkaguzi huchukua nakala safi ya GDB, hushona kiraka, huendesha jaribio, nalo lasema: imepita. Je, amemaliza? Hajamaliza. Hata nusu hajafika.

Turudi kwenye mizani yetu. Tuseme mizani imeharibika, mshale umekwama penye kilo moja, hauendi mbele wala haurudi nyuma. Mkaguzi anakuja na jiwe lake la kilo moja, analiweka, mshale waonyesha kilo moja. Anapiga muhuri na kwenda zake. Mizani mbovu, muhuri mpya! Angeondoa jiwe akatazama sahani tupu, angaliona mara moja kwamba mshale haushuki.

Kwa hiyo mkaguzi wa kiraka huondoa jiwe. Hulichukua lile jaribio peke yake bila dawa, huliendesha juu ya GDB ya zamani iliyo na kosa. Hapo jaribio lapaswa kushindwa. Likishindwa, amejua kwamba laweza kuliona kosa. Kisha hutia dawa na kuliendesha tena. Sasa lapaswa kupita. Likipita mara zote mbili, bila dawa na kwa dawa, jaribio hilo ni mshale uliokwama. Halipimi kitu. Mara ngapi mtu huleta jaribio la namna hiyo bila kukusudia udanganyifu wowote! Aliandika dawa kwanza, akaandika jaribio baadaye, likapita, akafurahi, akalala.

Baada ya hapo jaribu penye mpaka. Kiraka chetu chahusu namba 10. Basi usijaribu 3 wala 50 peke yake, maana kwa hizo zikizidi na zikifika hutoa jibu moja. Jaribu 9, jaribu 10, jaribu 11. Tofauti yote iko penye 10. Kosa hupenda kukaa mpakani, kama shamba linavyogombewa mpakani na si katikati.

Halafu yapo majaribio ya zamani. GDB ina makumi ya maelfu ya majaribio yaliyokusanywa kwa miaka mingi, na yote huendeshwa tena, kwa kuwa kiraka chaweza kuziba tundu moja na kuchana kitambaa kando yake. Majibu huandikwa katika faili, mstari mmoja kwa kila jaribio: hili limepita, hili limeshindwa, hili halikujaribiwa. Fundi mgeni hushtuka akiona yaliyoshindwa, lakini karibu kila mashine huwa na majaribio yanayoshindwa kwa sababu ya mashine yenyewe, si kwa sababu ya kiraka. Ndiyo maana mkaguzi huendesha yote mara mbili, kabla ya kiraka na baada yake, kisha hulinganisha faili mbili mstari kwa mstari. Anachotafuta ni tofauti tu.

Hapa pana mtego, nao umewanasa wengi. Fundi aona kabla ya kiraka yalishindwa majaribio 40, na baada ya kiraka yameshindwa 25. Afurahi: tumepunguza makosa! Ngoja kwanza. Hesabu pia yaliyopita. Kama nayo yamepungua, basi huenda programu ilianguka katikati, na majaribio mengi hayakuendeshwa kabisa. Ni kama mwalimu anayejisifu kwamba mwaka huu wanafunzi wachache wameanguka mtihani, kumbe nusu ya darasa hawakuja.

Mwisho mkaguzi huandika jibu, na jibu hilo liwe la kweli kwa kipimo chake. Miongoni mwa watu wa GDB kuna desturi ya kuandika jina chini ya kiraka kwa namna tofauti, na miongoni mwake ni hizi: huyu amekijaribu, huyu amekikagua, huyu amekiidhinisha. Aliyejaribu asema tu kwamba kwenye mashine yake kilifanya kazi. Aliyekagua asema ameisoma mistari na kuielewa. Aliyeidhinisha ana mamlaka ya kukiruhusu kiingie. Usiandike umekagua ikiwa umejaribu tu. Na kama mstari mmoja hukuuelewa, useme. Mkaguzi anayeandika "mstari wa tatu sikuuelewa, tafadhali nieleze" ana faida kubwa kuliko anayeandika "safi sana."

Mtaniuliza: shida yote hii kwa nini? Nitawapa habari ya kweli.

Iko programu iitwayo OpenSSL, itumiwayo duniani kote kutengenezea funguo za siri. Si funguo za chuma, ni namba ndefu mno, na mwenye namba hiyo ndiye anayeweza kufungua mlango wa kompyuta au kusoma barua iliyofungwa. Ili ufunguo uwe salama, lazima namba yake ichaguliwe kwa kubahatisha, mtu asiweze kuikisia. Programu hukusanya vitu vingi visivyotabirika na kuvichanganya, kama mchanganya karata.

Mwaka 2006, fundi mmoja wa Debian, kundi la watu wanaotayarisha programu nyingi kwa watumiaji wa kompyuta, alikuwa akitumia chombo cha kutafutia makosa kiitwacho Valgrind. Chombo kikalalamika: programu hii yatumia sehemu ya kumbukumbu ambayo hakuna aliyeandika kitu ndani yake. Malalamiko yalikuwa ya kweli. Fundi akaona mistari miwili iliyofanana, kila mmoja mahali pake, akaiondoa yote miwili. Hakuwa mzembe wa kutupa tu. Aliuliza kwanza, na jibu alilopata halikumzuia. Lakini kiraka chenyewe hakikupelekwa kwa wenye programu ile wakisome mstari kwa mstari.

Mstari mmoja kati ya ile miwili ungaliweza kuondoka bila madhara makubwa. Wa pili ndio uliokuwa ukiingiza karibu vitu vyote vya kubahatisha katika mchanganyiko. Ulipoondoka, kilichobaki kutofautisha ufunguo na ufunguo kilikuwa namba ambayo kompyuta huipa kila programu inapoanza, na namba hiyo kwa kawaida haizidi 32,768. Basi kwa kila aina na urefu wa ufunguo, katika aina moja ya mashine, mahali pa funguo nyingi zisizohesabika zikabaki elfu thelathini na kitu. Mwizi angeweza kuzitengeneza zote mapema, akaziweka mfukoni, akajaribu moja baada ya moja.

Na programu iliendelea kufanya kazi. Funguo zilitoka, milango ikafunguka, ikafungwa. Valgrind nayo ikanyamaza, jambo ambalo mtu angeweza kulichukua kuwa dalili njema. Hivyo kwa karibu miaka miwili, mpaka mwezi wa Mei mwaka 2008, wakati Luciano Bello wa Debian alipoligundua kosa likatangazwa. Watu wa nchi nyingi, wa Debian na wa Ubuntu iliyotokana nayo, wakaamriwa kutupa funguo zao na kutengeneza mpya.

Angalieni vizuri: chombo cha kutafutia makosa hakikusema uongo. Kilisema kweli, na ile kweli ikasomwa vibaya, na jaribio lililofaa halikuwapo. Jaribio lenyewe lingekuwa rahisi: tengeneza funguo nyingi, tuseme laki moja za aina moja, uangalie kama zipo mbili zilizofanana. Bila ile dawa mbaya, usingepata. Kwa dawa ile, ungepata hakika. Sasa fikirini kama chombo chenyewe kingekuwa mwongo, ndipo mtaelewa kwa nini neno moja la kiraka cha GDB husomwa na watu kadhaa kabla ya kuingia.

Haya, zoezi. Mwalimu, andika ubaoni. Chama cha kuweka na kukopa kina kanuni hii: "Mwanachama akizidi siku 30 bila kulipa deni, atatozwa faini." Mtu mmoja ameleta kiraka:

 -  akizidi siku 30
 +  akifika siku 30

Kila mwanafunzi aandike wanachama watatu: mmoja ana siku 29, mmoja siku 30, mmoja siku 31. Aandike nani atatozwa faini kwa kanuni ya zamani, na nani kwa kanuni mpya. Kisha aandike barua ya mistari minne kwa aliyeleta kiraka, amwulize jambo moja ambalo barua yake haikueleza. Mnaweza kufanya wawili wawili, lakini kila mmoja aandike kwa mkono wake.

Majibu tutayasoma katika kipindi kijacho. Kwaherini.